Kichwa cha Tatu

Nabintu alikuwa anachambua maharagwe. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi jioni, mwezi wa kumi na moja mwaka 2015, naye alikuwa bado amevaa viatu vyeupe vya kazini, kwenye nyumba ya wazee alikoogesha watu tangu asubuhi. Akivua viatu kabla ya kuweka sufuria motoni, hasimami tena. Aliyamwaga maharagwe mezani konzi kwa konzi, mabovu kushoto, mawe kulia. Upande wa kulia haukuwa na kitu. Maharagwe ya Marekani hayana mawe, na binti yake mdogo, Précieuse, alimwambia hivyo kila wiki. Yeye aliendelea kuchambua.

Simu ikalia. Alikuwa Aksanti, binti yake mkubwa, aliyeishi Reynoldsburg, mashariki ya Columbus, mwendo wa saa tatu na nusu kwa gari kutoka hapa Highview, pembeni ya Louisville. Siku sita zilikuwa zimepita tangu arudi kutoka Japani.

"Mama," alisema kwa sauti ya mtu aliyeziba simu kwa kiganja, "uko pekee yako?"

"Niko na maharagwe. Sema."

"Zenoni iko huku."

Nabintu aliangalia konzi yake. Punje mbili zilimponyoka zikadunda sakafuni, na hakuinama kuziokota. Jina hilo halikutamkwa katika nyumba yake kwa miaka kumi na moja.

"Umelala wewe?" aliuliza. "Umekula? Safari ya ndege inasumbua kichwa."

"Nimelala. Nimekula. Donc, yaani nilianza kula, mama. Ndipo alipokuya."

Kiwanda cha vipuri vya magari alichofanyia kazi Aksanti kilikuwa cha Wajapani. Kilikuwa kimechagua wafanyakazi watano kwenda kujifunza mashine mpya karibu na Nagoya kwa wiki tatu, na yeye akawa mmoja wao. Kanisa zima la Louisville lililisikia jambo hilo kutoka kwa Nabintu, hata waliokuwa wamekwisha kulisikia. Jumatatu hadi Ijumaa Aksanti alikuwa kwenye mashine. Jumamosi na Jumapili alipanda treni peke yake akaenda kutembea, na jioni Nabintu na watoto walikula huku wakisikiliza sauti alizowatumia kwenye simu.

"Leo nimepanda ngome ya mbao huku Inuyama. Ina miaka zaidi ya mia nne. Ngazi zake ziko wima kama za kupandia darini. Unavua viatu, unavibeba kwenye mfuko, mbao zimekuwa nyeusi juu ya kukanyagwa na watu miaka yote. Chini yake kuna barabara ya zamani, nyumba za mbao, na wanachoma wali."

"Wanachoma wali?" Nabintu aliiuliza simu.

"Wanauponda, wanaubandika kwenye kijiti, wanaupaka mchuzi mzito wa soya na njugu, wanauweka kwenye makaa."

"Mishkaki ya bugali," alisema Bonheur, kijana wake wa miaka kumi na sita, na Précieuse akacheka mpaka maji yakamtokea puani.

Siku nyingine Aksanti alikuwa ameingia nyumba ya chai. Walimketisha kwenye mkeka, wakamletea kitamu kimoja tu juu ya karatasi, kama jani jekundu la msimu ule, na mama aliyekileta alingoja akimalize ndipo akamimina chai chungu ya kijani. Ndani ya kile kitamu mlikuwa na maharagwe yaliyosagwa na sukari.

"Sukari kwenye maharagwe," alisema Nabintu. "Masikini. Nani aliwafanyia hivyo?"

Jumapili ya mwisho sauti haikuja. Picha ilikuja moja: boksi jeupe lenye vitamu kumi na viwili vikavu, vyeupe na vya waridi, kila kimoja na umbo la ua. Sasa, kwenye simu, Aksanti alieleza yaliyobaki.

Vitamu hivyo huitwa rakugan. Ni unga wa mchele na sukari, vinashindiliwa kwenye kibao chenye mashimo ya maua. Mama mzee wa duka alimwonyesha: unashindilia, unageuza, unagonga kibao kwa kijiti, *ka*, na ua linaanguka. *Ka*, la pili. Alinunua boksi kwa ajili ya nyumbani, akapanda mlima mdogo wenye hekalu, na nyuma ya hekalu akakuta safu ya sanamu za mawe zenye kimo cha watoto. Zilikuwa zimevalishwa vitambaa vyekundu vya kifuani, kama vile wanavyofungiwa watoto wakati wa kula. Mbele yao palikuwa na vigari vya kuchezea, soksi ndogo, na vitamu kama vile vilivyokuwa mkononi mwake. Akamuuliza mtu aliyekuwa akifagia majani. Yule mtu alikuwa na Kiingereza kidogo. Alisema: ni kwa watoto waliokufa kabla ya wazazi wao.

"Nilimuwekea kimoja," alisema Aksanti. "Nikasema, Zenoni, kuya ukule."

Nabintu alivuta kiti akakaa, na viatu vyake miguuni.

"Ulimuita kwa jina."

"Ndiyo, mama."

"Kwenye chakula."

"Ilikuwa jiwe tu, mama. Nililia kidogo nikashuka."

"Na vile vingine kumi na kimoja?"

"Nilivibeba. Weye ulitufundisha chakula hakiachwi njiani."

Kwao Walungu, kule milimani walikotoka, mtu asiyeliliwa haitwi kwenye chakula. Kwanza huwekwa matanga: watu wanakaa chini, wananyoa nywele, mkubwa wa ukoo anasimama na kusema kwa kinywa chake kwamba fulani amekufa. Baada ya hapo ndipo unaweza kumkumbuka kwa kikombe au kwa sahani. Zenoni hakuwekewa matanga. Kwenye karatasi za wakimbizi, kambini Burundi, Nabintu alimwandikisha kuwa amepotea, na kila afisa alipouliza tena alijibu neno lile lile.

"Unajuaje ni yeye?" aliuliza.

"Kila nikipakua, ninasikia kibao. *Ka.* Halafu miguu. Jana nimefungua boksi, kimoja kimeumwa. Meno madogo, mama. Na pengo la chini."

Zenoni aling'oka jino la chini wiki ile ile ya kukimbia. Hata Aksanti asingeweza kukumbuka hilo kama hakuwa ameona alama ya lile pengo.

"Anasema kitu?"

Aksanti alisogeza mdomo karibu zaidi na simu.

"Anauliza nani anakalia fasi yake, kiti yake."

Mwaka 2004, siku watu wenye silaha waliposhuka kijijini, Nabintu alikuwa mjane wa miezi mitano. Alimfunga Précieuse mgongoni. Akamwambia Aksanti, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja: mshike ndugu yako mkono, usimwachie. Zenoni alikuwa na miaka mitano. Walipanda mlima pamoja na watu wasiowajua, mvua ikinyesha, alfajiri haijafika, na hakuna aliyeruhusiwa hata kukohoa kwa sababu barabara ya chini ilikuwa na askari. Kila waliposimama, Nabintu alihesabu kwa kupapasa. Kichwa cha mgongoni. Kichwa kirefu. Kichwa kifupi. Vitatu. Wakaendelea. Vitatu. Wakaendelea. Kulipokucha aligeuka, na kile kichwa kifupi, chenye nywele zilizolowa kama za mwanawe na kimo kile kile, kilikuwa cha mtoto mwingine.

Alianza kushuka. Watu walimshika, kwa sababu moshi ulikuwa umekwisha kupanda kwenye njia waliyotoka. Kando ya mto Ruzizi alikaa siku tatu, akingoja mtu wa kuja kudai mtoto wake na kumrudishia wa kwake. Hakuja mtu. Yule mtoto hakusema jina lake wala la baba yake. Walipompa biskuti alicheka, basi wakamwita Bonheur, yaani furaha, na karatasini akawa mwana wa Nabintu. Hakukumbuka kitu chochote cha kabla ya kambi. Aksanti alijua. Nabintu alijua. Hawakuwahi kuambiana kwamba wanajua.

"Usikule tena pekee yako," Nabintu alimwambia binti yake. "Kesho tutakuya."

Akapika maharagwe. Kisha akampigia simu Mama Mukandoli wa Buffalo, aliyekuwa jirani yake kambini. Makanisa ya Wakongomani tangu Kentucky hadi kule Buffalo kando ya ziwa yalimjua kwa kutoa vitu vilivyoingia nyumba za watu. Mama Mukandoli alisikiliza mpaka mwisho.

"Leta watoto wote," alisema. "Leta na ile boksi. Usiitupe barabarani, utakuwa unamuacha njiani mara ya pili."

Walifika Reynoldsburg Jumamosi alasiri. Aksanti alikuwa amekonda, na taa zote za nyumba zilikuwa zinawaka, hata ya choo. Boksi lilikuwa juu ya friji. Nabintu aliinusa nyumba kama anavyonusa chumba cha mgonjwa: sukari, ubani wa hekaluni, na chini yake kitu kingine ambacho hakikuwa cha Japani, harufu ya majani ya migomba iliyolowa na udongo wa mlimani baada ya mvua.

"Umeanza kuogopa giza la Wazungu," alimwambia Aksanti ili amchekeshe. "Taa saba mchana. Kampuni ya umeme itakuoa."

Aksanti alijaribu kucheka.

Wakapika sombe ya majani ya muhogo na bugali. Nabintu akamtuma Bonheur kwenye gari kuleta blanketi. Précieuse na Aksanti wakakaa mezani, na Nabintu akapita nyuma ya viti na sufuria kwenye mkono mmoja, na mkono wa pili ukafanya kazi yake ya siku zote, ule mchezo ambao watoto walimcheka nao tangu walipoanza kujua kucheka, wa kuwagusa vichwa kabla ya kupakua. Misuko ya Précieuse. Kitambaa cha Aksanti. Kichwa chenye nywele fupi. Tatu. Akaweka sufuria mezani, moyo umetulia kama unavyotulia hesabu ikitimia, akashika mwiko, na hapo mlango ukagongwa.

"Mama! Fungueni, mlango umejifunga!"

Ilikuwa sauti ya Bonheur, kutoka nje.

Nabintu hakugeuka mara moja. Kiganja chake kilikuwa kimelowa, maji yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye kiwiko, maji baridi yenye harufu ya mlima, na sasa ndipo mkono ulipomkumbushia kile ambacho kichwa hakikuwa kimekiangalia, kwamba misuko ya Précieuse ilikuwa kwenye kimo cha kifua chake, na kitambaa cha Aksanti vile vile, lakini ili kukigusa kile kichwa cha tatu alikuwa ameinamisha bega, ameinama kama mtu anayemgusa mtoto ambaye miguu yake haijafika sakafuni.

*Ka*, kilisema kitu juu ya friji.

Kiti cha tatu kilikuwa kimevutwa nyuma, hakina mtu, na kalio lake la plastiki lilikuwa na maji. Précieuse alikuwa anaangalia simu. Aksanti alikuwa anamwangalia mama yake, na midomo yake haikuwa na rangi.

Bonheur alipofunguliwa, aliingia akitetemeka, akatupa blanketi, akakaa kwenye kiti kingine. Wakaomba. Nabintu akapakua.

"Mama," alisema Bonheur, "na mimi? Nimefunga leo?"

Sahani zilikuwa nne. Ya Nabintu, ya Aksanti, ya Précieuse, na sahani ndogo ya chai ambayo hakukumbuka kuitoa kabatini. Bugali yake ilikuwa imekatwa vipande vidogo vidogo, kama anavyokatiwa mtoto.

"Nimechoka," alisema Nabintu, akampa yake.

Jumapili asubuhi walianza safari ya Buffalo, Nabintu akiendesha, Aksanti pembeni yake na boksi mapajani, wadogo nyuma. Walipita Cleveland, wakaliacha ziwa upande wa kushoto, la kijivu na lisilo na mwisho. Walikula mkate garini. Baada ya Erie wakasimama kuweka mafuta. Mlango wa duka, ule unaojifungua wenyewe, ulimfungukia Précieuse. Kwa Bonheur haukufunguka. Alirudi nyuma, akaruka, akapunga mikono.

"Hata mlango umenichoka," alisema.

Précieuse alijibu kwa Kiingereza kwamba mlango una akili. Muuzaji aliwapa vikombe vitatu vya chai, wakaomba cha nne. Nabintu aliyaona hayo yote. Alikuwa ameyaona pia asubuhi, Précieuse alipopanda garini akaweka mkoba wake kwenye nafasi ya Bonheur akisema alidhani hakuna mtu.

Akarudi kwenye usukani. Akaangalia kioo: kichwa cha Précieuse, kimeegemea dirisha, masikio yamezibwa kwa muziki. Kofia ya sweta ya Bonheur, imevutwa mpaka machoni. Aksanti pembeni. Tatu. Akawasha gari.

Walikuwa wamekwenda maili kumi na nane simu yake ilipoita, na jina lililoandikwa kwenye kioo cha simu lilikuwa la Bonheur.

"Mama," alisema Bonheur, na nyuma yake kulikuwa na upepo na malori. "Mmeniacha."

Nabintu aliinua macho kwenye kioo. Kofia ilikuwa pale pale. Ilikuwa mchana, saa saba na nusu, mwanga wa mvua ukiingia kila dirisha, na sweta lilikuwa limekaa wima kwenye kiti, mkanda wa usalama umefungwa juu yake, mikono yake imelegea, kofia yake imejaa kama inavyojaa ikiwa na kichwa ndani, na lilipoinama kidogo mbele kwenye kona, kama mtoto anayetaka kuona njia, ndani ya kofia hamkuwa na kitu isipokuwa giza na ile harufu.

"Précieuse," alisema Nabintu taratibu. "Ndugu yako iko wapi?"

Précieuse alitoa waya sikioni. Aligeuka. Akaliona sweta likianguka polepole, tupu, juu ya mkanda.

"Alikuwa hapa," alisema, kwa Kiswahili, kama alivyozoea akiwa mdogo. "Mama, alikuwa hapa. Alikuwa amenishika mkono."

Hapo Aksanti akapiga yowe. Alijikunja juu ya boksi na kusema maneno ambayo Nabintu alikuwa ameyangoja miaka kumi na moja na hakuwa anayataka: kwamba mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, kwamba alimwachia sekunde moja tu ili abadilishe mkono, kwamba alipoutafuta ule mdogo aliupata, mama, aliupata gizani, akaushika mpaka asubuhi, na haukuwa wake.

"Najua," alisema Nabintu. "Nilihesabu miye. Nyamaza nipate kugeuza gari."

Alitafuta njia ya kutoka, akakata kona, akarudi. Barabara hii ilikuwa na upande wa kurudia. Aliendesha maili zote kumi na nane akiangalia mbele tu, na alipomwona Bonheur amesimama chini ya bango la mafuta, katika fulana tu, sweta ameliacha garini, mikono kwapani, mvua ikimpiga, alisimamisha gari katikati ya watu wanaopigiana honi, akashuka, akamshika kichwa kwa mikono miwili. Alilazimika kunyoosha mikono juu kukifikia. Alikishika kwa muda.

"Watu wanaangalia," alisema Bonheur. Kisha, kwa sauti ndogo: "Juu ya nini unanisahau, mama? Tangu jana."

"Panda," alisema Nabintu. "Nitakuambia tukifika. Kaa mbele."

Mama Mukandoli aliishi orofa ya pili ya nyumba ya mbao, upande wa magharibi wa Buffalo. Alikuwa Mnyamulenge mrefu, mkavu, aliyekuwa anafungasha nyama kiwandani mpaka mgongo ulipomkatalia. Hakuwa na vibuyu wala ubani. Alikuwa na meza, Biblia, na sufuria ya maharagwe iliyokwisha kuiva.

"Ni jini, mama?" aliuliza Aksanti. "Ama ni yeye?"

"Inawezekana ni mtoto. Inawezekana ni kitu kilimkuta mtoto pale mlimani, kikachukua njaa yake na sauti yake. Miye siwezi kupasua nikaona ndani." Alimgeukia Nabintu. "Nani alimwambia amekufa?"

"Hakuna."

"Bon. Basi hajui. Ameitwa kula, amekuja, amekuta mtu kwenye kiti. Na weye unamsaidia. Unahesabu namba. Namba ni kama kiti, yeyote anakaa. Ukiendelea hivyo, mwezi haujaisha, huyu kijana atakuwa amesimama hapa mbele yako na hakuna atakayemuona."

Bonheur aliwaangalia mmoja mmoja.

"Kiti gani?" aliuliza.

Ikabidi aambiwe. Nabintu alimwambia akiwa amesimama, mikono juu ya meza, kwa maneno machache kama mtu anayetoa ripoti ya zamu. Mvua. Vichwa vitatu. Asubuhi. Siku tatu mtoni. Biskuti. Bonheur hakulia. Alikuwa anachuna rangi ya meza kwa ukucha.

"Donc mimi ni wa nani?"

"Sijui. Nilingoja waje. Hawakuja."

"Na kama wangekuja?"

Nabintu angeweza kusema uongo mzuri hapo. "Ningekurudisha," alisema, "na ningemchukua wa kwangu. Siku ile, ndiyo. Leo yule angekuja kukudai, ningemfungia mlango usoni."

Bonheur alikung'uta rangi iliyoingia kwenye ukucha.

"Kuna mtoto aliniambia nimpe nafasi," alisema hatimaye. "Usiku wa jana. Nilidhani ninaota. Aliniambia, wewe umekula sana."

Ngazi za nje zilikuwa zimeanza kulia.

Mama Mukandoli alifungua mlango wa ngazi, akauacha wazi, baridi ikaingia. Aliweka boksi mezani. "Ataondoka mkimaliza," alisema haraka, kwa sauti ya chini. "Vyote kumi na kimoja, mkule nyie wenyewe. Msimuachie hata chembe. Mkimuachia, atangoja. Na mama yake aseme lile neno la matanga."

Walikula. Vilikuwa vitamu vikavu vinavyoyeyuka ulimini mara moja, na kila kimoja kilipotoka kwenye karatasi, *ka*, kibao kiligonga mahali fulani ndani ya chumba, mara karibu na jiko, mara chini ya meza, mara nyuma ya sikio la Précieuse, aliyekuwa anakula huku machozi yakimwingia mdomoni na amemkamata Bonheur fulana. Harufu ya mlima ilijaa mpaka taa ikaonekana kuwa na ukungu. Vilibaki vitatu. Viwili. Kilibaki kimoja, kile cheupe chenye alama za meno madogo na pengo la chini, na mikono yote ikarudi nyuma.

"Hicho ni cha mama," alisema Mukandoli.

Nabintu alikishika. Kilikuwa na maji kando ya pale palipoumwa, na pembeni yake, kwenye kimo cha nyonga yake, palikuwa na pumzi, ndogo, ya haraka, ya mtoto aliyepanda ngazi nyingi, na kitu kikamvuta kanga chini mara moja, taratibu, kama alivyokuwa anavutwa zamani na mtu ambaye hakupenda kuomba mara mbili, na sauti ambayo alikuwa amekwisha kuisahau na sasa akaona hakuisahau hata kidogo ikasema kwa adabu:

"Na miye, mama?"

Alikiweka mdomoni. Alikitafuna, kwa sababu hakikutaka kuyeyuka, na akakimeza, na akalamba unga kwenye vidole vyake kimoja kimoja mpaka vikawa safi.

"Zenoni," alisema. "Ulikufa. Ulikufa pale mlimani mwaka ule, na miye sikukuona. Hakuna chakula chako hapa. Enda."

Pumzi ilikaa. Kisha kanga ikaachiwa. Miguu midogo ikavuka sakafu, ikatoka mlangoni, ikaanza kushuka ngazi, na kwa kuwa ngazi zilikuwa ndefu kwa miguu ile, ilishuka kama wanavyoshuka watoto wa miaka mitano, miguu yote miwili kwenye kila kidato, moja na kusimama, moja na kusimama. Nabintu aliisikiliza. Kabla hajafikiri, miguu yake mwenyewe ilikwisha kupiga hatua mbili kuelekea mlango, na Mukandoli alikuwa amemshika kiuno kwa nguvu zote za kiwandani. Hakumwachia mpaka mlango wa chini uliposikika, na mvua, na baada ya mvua hakuna kitu.

Wakafunga mlango. Waliketi sakafuni, Nabintu akavua kitambaa, na Mukandoli akamnyoa kwa mkasi wa jikoni na wembe, nywele zikaanguka kwenye gazeti, nyeupe nyingi kuliko alivyodhani. Alilia kama mtu anayefanya kazi, kwa muda uliohitajika. Aksanti alilia upande wa pili. Bonheur alifagia nywele bila kuambiwa.

Kisha maharagwe yakapashwa moto. Mama Mukandoli aliweka sahani tano, akakata bugali, akasogeza taa katikati ya meza. Nabintu alisimama na mwiko, kichwa chake kipya kikisikia baridi. Mkono wake uliinuka kwenda kwenye vichwa, akaurudisha.

"Aksanti," alisema.

"Niko, mama."

"Précieuse."

"Niko."

"Bonheur."

Bonheur alikuwa anamwangalia. Alichukua muda wake, na hakuna aliyemharakisha.

"Niko," alisema.

Nabintu alingoja kidogo zaidi, muda wa mvuke kupanda kutoka kwenye sufuria mpaka taani. Mlango ulikuwa umefungwa. Sakafu ilikuwa kavu.

"Tumetimia," alisema, akaanza kupakua.